Mbweu ya mtoto na mgongo wa mlezi

Kumpigapiga mtoto mgongoni baada ya kunyonya ni jambo dogo. Lakini mjini Johannesburg jambo hilo lina historia ndefu: historia ya saa, ya chupa, na ya akina mama waliotenganishwa na watoto wao.

Kusini mwa jiji la Johannesburg kuna kitongoji kiitwacho Rosettenville. Wengi wanakifahamu kwa ajili ya shule ya St Peter's, ambako Oliver Tambo alisoma na baadaye kufundisha, na ambayo ilifungwa mwaka 1956 kutokana na sheria ya elimu ya Kibantu. Leo wanaishi humo wahamiaji kutoka Msumbiji, Zimbabwe, Nigeria na Kongo, wakiwamo wasemao Kiswahili. Mtoto akishashiba huinuliwa begani, akapigwapigwa mgongoni taratibu, na mama akasubiri. Mbweu ikitoka, mama hupata utulivu. Je, ni nani aliyewafundisha akina mama kuisubiri sauti hiyo?

Sababu yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mtoto anyonyapo humeza pia hewa. Akilazwa chali, hewa hiyo hukosa njia. Akiwekwa wima, hupanda juu ya maziwa na kutoka mdomoni. Kwa hiyo mtoto abebwaye kutwa nzima hucheua bila mtu kumshughulikia.

Mwaka 1980 watafiti Melvin Konner na Carol Worthman walichapisha uchunguzi wao kuhusu Wakung, wawindaji wa jangwa la Kalahari. Mtoto wa Kikung alinyonya kwa muda wa dakika 2 hivi, kisha akarudia baada ya dakika 13 hivi, na saa nyingi za mchana alikuwa mwilini mwa mama yake. Alipata maziwa kidogo kidogo na alikaa wima.

Mambo yalikuwa mengine pale saa ya ukutani ilipoingia chumbani. Daktari Truby King wa New Zealand, ambaye chama chake cha malezi kilianzishwa mwaka 1907, alihimiza mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa 4 na asibebwebebwe ovyo. Mafundisho yake yalienea katika himaya ya Uingereza, Afrika Kusini ikiwamo. Chupa nayo ilizidi kupata nafasi. Mtoto akawa anakunywa maziwa mengi kwa mara moja, kisha analazwa kitandani peke yake. Katika malezi ya namna hiyo, kumcheulisha hakukuweza tena kuachwa kujitokee kwenyewe. Kulihitaji kufundishwa, hatua kwa hatua.

Palipo na hofu ya chango hapakosi muuza dawa. Mwaka 1851, katika mji wa Nottingham nchini Uingereza, William Woodward alitengeneza dawa ya maji iliyokuja kujulikana kama Woodward's Gripe Water. Ilikuwa na sukari, magadi, mafuta ya shibiti, na pombe ya asilimia 3.6. Chupa hiyo ilisafiri hadi India, Afrika Kusini na Afrika Mashariki. Shibiti, hata hivyo, haikuwa ngeni kwa watu wa pwani yetu: jina lenyewe limetoka katika Kiarabu, na mbegu zake zilijulikana kitambo kabla ya chupa ya Nottingham. Pombe iliondolewa katika dawa hiyo nchini Uingereza mnamo miaka ya 1990.

Turudi Rosettenville. Chini ya sheria ya mwaka 1950 iliyogawa makazi kwa rangi, kitongoji hiki kilikuwa cha Wazungu. Katika vitongoji kama hivyo mwanamke Mwafrika aliruhusiwa kulala katika chumba cha uani kama mtumishi, lakini kwa kawaida hakuruhusiwa kukaa na mtoto wake mwenyewe. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Pretoria kupinga pasi, lakini pasi ziliendelea kwa miaka 30 mingine. Basi mtumishi alimbeba mtoto wa tajiri wake mgongoni kwa blanketi, akamnyamazisha na kumcheulisha, huku wa kwake akilelewa na bibi mbali kijijini, mara nyingi kwa chupa. Ujuzi ulikuwapo, kilichokosekana ni ruhusa ya kuutumia kwa mwana wa kumzaa.

Ubaguzi ulipokwisha mwaka 1994, serikali ya Nelson Mandela iliwapa wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 matibabu ya bure. Lakini ukimwi uliirudisha chupa: maziwa ya unga yaligawiwa bure katika kliniki ili kuwakinga watoto. Mwezi Agosti 2011, kwa Azimio la Tshwane, serikali iliamua kuachana na mpango huo na kuhimiza maziwa ya mama. Mwaka 2003 watoto walio chini ya miezi 6 wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 walifikia asilimia 32.

Na mbweu je? Mwaka 2015 watafiti wa Chandigarh, India, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia akina mama 71 na watoto wao. Watoto waliocheulishwa hawakupungukiwa na kilio cha chango, na walirudisha maziwa mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Utafiti mmoja mdogo haumalizi neno. Hata hivyo, unampunguzia mzigo mama anayekesha usiku wa manane akiisubiri sauti isiyokuja: mtoto akitulia bila kucheua, si kosa la mama.

Mlezi wa mwana ni mama. Historia ya Johannesburg inatukumbusha kwamba mama naye huhitaji kuachwa alee. Mbweu itoke au isitoke, zile dakika chache za mtoto begani mwa mama yake ni haki ambayo wengi waliomtangulia hapo Rosettenville walinyimwa.