Michezo ya Video ya Zamani: Ilipendwa au Yapendwa?

Miongoni mwa maneno yanayofaa kuzungumzwa darasani ni "zilipendwa", jina la nyimbo za zamani ambazo hadi leo hupigwa redioni na kuchezwa arusini. Jina hilo lina kitendawili ndani yake: kitenzi ki katika wakati uliopita, ilhali nyimbo zenyewe zingali zapendwa. Katika makala haya twataka kuuliza swali lilo hilo juu ya michezo ya video ya miaka ya 1970 na 1980. Je, wanaoicheza leo waipenda michezo yenyewe, au waupenda utoto wao tu?

Wenye kushika rai ya pili hulitumia neno nostaljia. Neno hili halikubuniwa na mshairi bali na tabibu. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari mjini Basel, Uswisi, aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kurejea nyumbani na la pili lenye maana ya maumivu, ili ataje ugonjwa wa watu waliodhoofika ugenini kwa kutamani kwao. Baadaye maana ilihama kutoka mahali ikaingia katika wakati. Mtu akawa haumwi na nchi aliyoiacha, bali na miaka iliyomwacha.

Hatuwezi kukana kwamba hamu hiyo ipo. Mtu aliyecheza Pac-Man mwaka 1980 akiwa na miaka 10, akiusikia mlio wake leo, hukumbuka mengi yasiyokuwemo katika mchezo: rafiki waliokuwa wakipokezana zamu, na sarafu ya mwisho iliyosalia mfukoni. Lakini sababu inayoeleza kurudi kwa mzee haitoshi kueleza kuja kwa kijana.

Tuchukue mfano wa Tetris. Alexey Pajitnov aliubuni mchezo huu mwaka 1984 mjini Moscow, katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, kwa mashine iitwayo Elektronika 60. Mashine hiyo haikuweza kuchora picha, ikambidi aunde vipande vyake kwa alama za mabano. Kanuni zake mtoto huzielewa mara moja. Vipande vya namna 7, kila kimoja cha miraba 4, huanguka kutoka juu. Mchezaji huvigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa hufutika. Rundo likifika juu, mchezo umekwisha. Hamna hadithi wala shujaa. Kuna akili na mkono tu, vikishindana na kasi isiyokoma kuongezeka.

Mashindano ya dunia ya mchezo huo, kwa toleo la Nintendo la mwaka 1989, yalianza mwaka 2010 nchini Marekani. Jonas Neubauer, wa kizazi kilichokua na toleo hilo, aliyashinda mara 7. Mwaka 2018 alishindwa katika fainali na kijana wa miaka 16. Kisha, Desemba 2023, mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma aliucheza mpaka programu yenyewe ikakwama, jambo ambalo hajajulikana binadamu aliyelifikia kabla yake. Vijana hawa wote wawili walizaliwa zaidi ya miaka 10 baada ya toleo hilo kutoka. Watatamanije kurudi mahali wasipopata kufika?

Kuna ushahidi mwingine, nao umetoka ardhini. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa mchezo uliotokana na filamu ya E.T., uliotengenezwa na Howard Scott Warshaw kwa muda wa majuma 5 hivi. Mchezo haukupendeza. Mwaka 1983 kaseti zake nyingi, pamoja na za michezo mingine, zilifukiwa jaani huko Alamogordo, New Mexico. Zikafukuliwa mwaka 2014, na baadhi zikauzwa kwa mnada. Walionunua walitaka kumbukumbu. Hapo ndipo nostaljia huonekana ikiwa peke yake: huweza kukiweka kitu kabatini, lakini haiwezi kukifanya kiwe kizuri.

Swali letu si la burudani tu. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilitangaza kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena. Wahifadhi waliomba maktaba ziruhusiwe kuwapatia watafiti michezo hiyo kwa njia ya mtandao; Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. Mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba huenda watu wakaitumia kwa kujifurahisha.

Ikiwa mapenzi hayo ni nostaljia tupu, basi na yafe pamoja na kizazi chake. Hatutakuwa na hasara. Lakini ikiwa kijana asiye na kumbukumbu yoyote hukiona kitu hicho kuwa kizuri, basi kukiacha kipotee ni kumnyima yeye, wala si kumnyima mzee. Kwa hiyo twaona kwamba kipimo cha kitu cha kale ni yule asiyekikumbuka. Yeye akikipenda, kitenzi chetu hakina budi kutoka katika wakati uliopita na kuingia katika wakati uliopo.