Duka la Mkoa Lililobaki na Mlango Mmoja

Kwa mtu aliyeishi Lindi au Kilwa katika miaka ya 1970 na 1980, herufi tatu, RTC, hazihitaji maelezo. Ilikuwa Kampuni ya Biashara ya Mkoa, na mikononi mwake zilipita bidhaa ambazo nyumba haiendi bila hizo: sukari, sabuni, mafuta ya taa, viberiti, betri, khanga, vitenge, majembe. Kampuni hiyo haipo tena, na kumbukumbu yake imesinyaa ikabaki foleni, vibali na rafu tupu. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika, na tukiikubali ilivyo tutajifunza somo lisilo sahihi, kwamba duka la umma haliwezi kusimama. Ninavyoisoma historia ya pwani hii, RTC ilishindwa kwa kosa linaloweza kutajwa na mwaka wake: ilibakizwa kuwa mlango pekee wa kupitishia bidhaa, na milango mingine ikafungwa kwa makusudi.

Kwanza tuitendee haki kwa kuuliza kwa nini ilihitajika. Biashara kubwa si ngeni Kilwa. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya mwamba unaotazama bahari, na upande wake wa kusini upo ua mpana uliozungukwa na vyumba, ambao mwanaakiolojia Neville Chittick aliuhusisha na biashara na uhifadhi wa mali. Lakini biashara ile ilikuwa ya mfalme na wageni wa bahari. Karne ya 19 ilipofika, Kilwa Kivinje ikawa lango la misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na watu wa bara ya karibu waliingia katika biashara hiyo wakiwa wabebaji, au wakiwa bidhaa yenyewe. Chini ya Wajerumani duka lilisogea karibu na mkulima, ila halikuwa lake. Vita vya Maji Maji vilipoanza katika milima ya Matumbi mwezi Julai 1905, kituo cha biashara cha Samanga, pale pwani, kilikuwa kati ya mahali pa kwanza kushambuliwa. Hasira kubwa ilikuwa juu ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Hata hivyo, kuchomwa kwa Samanga kunaonyesha kwamba machoni pa wapiganaji, mizani ya duka na kiboko cha akida vilikuwa vya upande mmoja. Aliyenunua mazao ya mkulima kwa bei ya chini ndiye aliyemuuzia kitambaa kwa bei ya juu, na mkulima hakuwa na pengine pa kwenda.

Uhuru ulikuja na ahadi ya kumpatia mahali hapo pengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliundwa INTRATA kwa biashara ya nje na jumla, na COSATA ya kuyapatia bidhaa maduka ya ushirika. Hazikukusudiwa kumfukuza mwenye duka, bali kushindana naye. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 mambo yalikwenda kwa kasi. Makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa, kama Smith Mackenzie na Dalgety, yalitaifishwa, na Shirika la Biashara la Taifa, STC, likapewa kazi yao. Mwaka 1971, mwaka uleule Mkoa wa Lindi ulipotengwa na Mtwara, serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi za wafanyabiashara wenye asili ya Asia ziliondoka nchini, zikaondoka na ujuzi wa kukopesha, kuhifadhi na kusafirisha uliojengwa kwa vizazi kadhaa. STC ilielemewa kwa sababu ilikuwa kubwa mno na ofisi zake zilikuwa mbali mno na mnunuzi. Kwa hiyo mwaka 1973 ikavunjwa, kazi ya kuagiza ikagawiwa makampuni maalumu ya taifa, na usambazaji ukakabidhiwa RTC za mikoa. Kwa mkoa kama Lindi hatua hiyo ilikuwa na maana. Nchi iliyokatwa na mto Rufiji, ambako malori yalisubiri kivuko na masika huweza kuifunga barabara, ilihitaji chombo kilichokaa palepale, kinachojua kwamba shehena ya Kilwa lazima ifike kabla mvua hazijaanza.

Hadi hapo RTC ilikuwa na wenzake. Vijijini walikuwepo wenye maduka binafsi, wakubwa kwa wadogo, na vilikuwepo vyama vya ushirika. Ndipo ukaja mwaka 1976. Mapema mwaka huo ilianza Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, na mahali pake yafunguliwe maduka ya vijiji. Mwezi Mei, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Katika miezi michache, milango miwili kati ya mitatu ikazibwa. Mtu wa Kilangala, Rutamba au Mchinga aliyehitaji sabuni alibaki kulitegemea duka la kijiji, na duka la kijiji liliitegemea RTC. Duka jipya lilikuwa na kamati, lakini mara nyingi halikuwa na mtaji, usafiri wala mtu aliyefunzwa kuweka hesabu. Mwenye duka wa zamani alijua nani atalipa baada ya mavuno ya korosho na nani hatalipa. Maarifa hayo hayakuandikwa katika daftari ambalo kamati ingeweza kurithi. Serikali iliona madhara upesi na kuisimamisha operesheni mwaka huohuo, lakini mtu aliyekwisha kufungiwa duka hairudishi imani yake kwa tangazo.

Zipo hoja mbili nzito za kupinga maelezo haya. Ya kwanza ni kwamba RTC iliangushwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake: ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta iliyopanda ghafla kwa awamu mbili katika muongo mmoja, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia malighafi, na RTC haiwezi kugawa sabuni ambayo haikutengenezwa. Hoja hii ina ukweli, tena mkubwa. Inaeleza kwa nini bidhaa zilipungua. Haielezi kwa nini zile chache zilizokuwepo zilipita uchochoroni badala ya kupita dukani. Bei ilikuwa ya serikali na mlango ulikuwa mmoja, kwa hiyo aliyeushika mlango huo alishika mali. Kibali kikawa na thamani kuliko fedha, na bidhaa ikauzwa kwa walanguzi kabla haijafika kijijini. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwakamata watu wengi na kufichua bidhaa zilizofichwa, lakini kukamata hakukujaza rafu. Bajeti ya Juni 1984 ilipomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alikozipata, nguo na sabuni zilianza kuonekana tena, ingawa uchumi wa nchi ulikuwa bado taabani. Umaskini haukuwa umeondoka. Kilichobadilika ni idadi ya milango.

Hoja ya pili ni ya haki. Je, kumtetea mwenye duka wa 1976 si kuwasahau waliopunjwa kwa mizani yake tangu enzi za Samanga? Swali hili halipaswi kupuuzwa, kwa sababu dhuluma ile ilikuwepo. Lakini dhuluma ya duka haikutokana na duka kuwa la mtu binafsi. Ilitokana na kuwa peke yake. Mfanyabiashara alipokuwa peke yake alipunja mizani. RTC ilipokuwa peke yake, watendaji wake walipata nafasi ya kuuza kibali. Dawa waliyoifikiria waanzilishi wa INTRATA na COSATA ilikuwa bora kuliko ya 1976, kwa sababu ilimpa mkulima nafasi ya kuhama kutoka duka moja kwenda jingine. Taifa lenyewe lilikuja kukiri upande mmoja wa jambo hili: sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vya ushirika, na Mwalimu Nyerere alisema hadharani kwamba kuvivunja lilikuwa kosa.

Wala mtu asiseme kwamba mali ya umma ndiyo sumu. Nakumatt ya Kenya ilikuwa ya watu binafsi, yenye matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, ikiwemo Tanzania. Deni kwa wauzaji lilipokua, nao wakaacha kuleta mali, rafu zake zilikauka kama zilivyokauka za RTC, na Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ifilisiwe. Tofauti ni hii: Nakumatt ilipoanguka, mnunuzi wa Nairobi alivuka barabara akaingia duka jingine. RTC ilipokosa bidhaa, mnunuzi wa Kilangala hakuwa na barabara ya kuvuka.

Mageuzi ya miaka ya 1990 yaliziondoa RTC katika biashara. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 na kumaliza utumwa wa kivuko cha Rufiji. Leo bidhaa zinafika kusini kwa malori ya watu wengi. Ni faida, na haipaswi kubezwa. Lakini lile swali la RTC bado linadai jibu: nani atahakikisha kijiji cha mwisho wa njia hakilipi zaidi kwa sababu tu kiko mwisho wa njia? Mwenye duka peke yake hakuweza, ushirika haukupewa muda, na serikali ilijaribu ikiwa imewasukuma pembeni wote wawili. RTC inastahili kukumbukwa kwa heshima kwa sababu ilikuwa juhudi ya kweli ya kumhesabu mtu wa Lindi kuwa mnunuzi sawa na wa Dar es Salaam. Na inastahili kukumbukwa kwa uangalifu, ili kila chombo kitakachoundwa kwa nia njema kama ile kiulizwe swali moja kabla hakijaanza kazi: siku kitakaposhindwa, mwanakijiji atanunua wapi sabuni?