Mganga na Donda Ndugu la Wanawake

Neno saratani twalipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Katika Kiswahili cha zamani donda baya lenye kuenea liliitwa donda ndugu. Jina hilo lilifaa kwa titi lililopasuka, kwa sababu jicho liliona. Kwa mlango wa kizazi halikufaa. Mwanamke mwenye saratani ya mahali hapo huona damu isiyo ya mwezi wake, uchafu wenye harufu na maumivu ya kiuno. Naye huambiwa ana chango, au ni mkono wa mtu.

Nimeanza na majina kwa sababu mgonjwa huenda kwa yule mwenye jina la maradhi yake. Katika vijiji vya Tanganyika mtu huyo alikuwa mganga, na kwa mambo ya siri ya wanawake, mkunga. Walisikiliza bila haraka, walipokea kuku badala ya fedha, na walisema lugha ya mgonjwa. Mwenye kuwaita wote waongo hajapata kuuguza.

Serikali iliwaogopa kwa sababu nyingine. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipoanza, alikuwa mganga. Waingereza walipotunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928 hawakukataza mizizi wala majani. Lakini ni vigumu kudhani kwamba kila askari aliyeona tunguri alipambanua mganga na mchawi. Mganga akajifunza kunyamaza mbele ya daktari.

Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilijengwa na Wajerumani kwa ajili ya Wazungu, ikafunguliwa mwaka 1897. Ndiyo iliyofanywa taasisi ya saratani mwaka 1996, na kwa miaka mingi hapakuwa na mahali pengine nchini pa kupata tiba ya mionzi. Kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mganga alikuwa nyuma ya migomba.

Baada ya uhuru uadui ulipungua. Mwaka 1974 kitengo cha kuchunguza dawa za asili kiliundwa Muhimbili, na mwaka 2002 Bunge likapitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Ni kazi njema. Hata vinblastini, dawa ya saratani iliyopatikana Kanada mwaka 1958, ilitoka katika ua la Madagascar (ingawa kuchemsha majani yake si tiba). Lakini naona mganga aliulizwa zaidi habari za miti yake kuliko habari za wanawake waliobisha hodi kwake.

Habari hizo ndizo zilizohitajiwa. Saratani hii hukawia miaka mingi kabla ya kukomaa; dalili zake za awali huonekana kwa kupaka siki tu. Anayemshika mgonjwa miezi sita kwa mizizi humnyang'anya muda, na muda ndio dawa yenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga. Jirani mmoja alimjia akilalamikia damu, miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Bibi alimpikia dawa kwa misimu miwili ya mvua, kwa moyo safi, mpaka tulipomzika. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa, na tabibu wake alikuja kwa bibi kila Jumamosi kununua mayai.