Anga, Askari na Raia Aliyeona



Mtu wa Dadamu, karibu na Arua, akiona usiku mwanga asioufahamu upande wa magharibi, anatazama upande wa mpaka wa Kongo. Watu wa West Nile wana sababu ya kutolifanyia mzaha jambo hilo. Tarehe 13 Februari 1965 ndege za kivita kutoka Kongo zilidondosha mabomu katika vijiji vya Goli na Paidha, kusini mwa eneo hili. Serikali ya Dakta Milton Obote iliilaumu Kongo ya Moise Tshombe, na Marekani pia, iliyokuwa ikiipatia Kongo ndege. Siku ile raia na askari waliuliza swali moja: ni adui gani huyu?

Hata hivyo, historia ya uchunguzi wa kijeshi juu ya vyombo vya angani visivyotambulika yaonyesha kwamba mara nyingi maswali yao huachana njia. Raia huuliza ameona nini. Askari huuliza kama kitu hicho kina hatari. Akisha kupata jibu lake hufunga jalada, naye raia hubaki na swali lake.

Tuitazame Kongo hiyo hiyo, ingawa ni Katanga, mbali sana na hapa. Tarehe 29 Machi 1952 gazeti la Die Presse la Vienna, Austria, liliandika kwamba sahani mbili za moto zilionekana juu ya machimbo ya urani katika wilaya ya Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Mkuu wa kiwanja kidogo cha ndege cha huko, aliyetajwa kwa jina la Pierre, alirusha ndege ya kivita akazifukuza, akaikaribia moja kwa umbali wa meta 120 hivi, kisha zikamshinda mbio. Mwezi Agosti mwaka huo Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, liliitia habari hiyo katika taarifa zake.

Majasusi walihangaikia habari ya gazeti kwa sababu ya urani. Mgodi wa Shinkolobwe, huko huko Katanga, ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoiteketeza Hiroshima mwaka 1945. Yashangaza kidogo, basi, kwamba taarifa yasema machimbo hayo yako mashariki ya mto Luapula, ambako si Kongo bali ni Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Taarifa yataja pia watazamaji waliokuwa chini, waliosikia mvumo mkali ukipita. Haitaji jina la hata mmoja wao.

Huko Marekani kwenyewe jeshi la anga lilianza uchunguzi wake baada ya mwaka 1947, na tangu 1952 kazi hiyo iliitwa Blue Book. Januari 1953 CIA ilikutanisha wanasayansi chini ya uongozi wa H. P. Robertson. Hawa hawakuona hatari katika vyombo vyenyewe. Hatari waliiona katika wingi wa taarifa za raia, ambazo zingeweza kuziba njia za mawasiliano siku ya shambulio la kweli; wakashauri umma uelimishwe ili hamu yake ipungue. Yaani shahidi mwenyewe akageuzwa kuwa tatizo.

Hatusemi kwamba jeshi lilikosea kuuliza swali lake. Watu wa Paidha wasingependa liache kuulizwa. Lakini kuuliza hilo peke yake, kisha kumwona mtoa habari kuwa msumbufu, ni kumnyima raia haki yake.

Blue Book ilifungwa Desemba 1969. Katika taarifa 12,618 zilizokusanywa, 701 zilibaki bila maelezo. Jeshi lilitangaza kwamba hakuna hata moja iliyoonyesha tishio kwa usalama wa taifa, na uchunguzi ukaishia hapo. Majalada hayo yamo katika Nyaraka za Taifa za Marekani, na yeyote aruhusiwa kuyasoma. Kabla ya kufunguliwa kwa umma, majina ya raia walioleta habari yalifutwa.