Kutu, Magadi na Pikipiki: Historia Fupi ya Chuma cha Ukambani

Leo tuweke kompyuta kando kidogo. Nikisema naandika juu ya kutu, najua wapo watakaodhani nazungumzia Rust, ile lugha ya programu iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015. La hasha. Lugha hiyo ilipewa jina la kuvu wanaoshambulia mimea. Mimi nazungumzia kutu yenyewe, ile inayokula rimu, stendi na ekzosi za pikipiki kule Kitui na Makueni, na jinsi watu wanavyoitoa nyumbani kisha wakapaka rangi upya. Ukiifuatilia kazi hii nyuma utakuta ina historia ndefu kuliko pikipiki yenyewe.

Kwanza, kutu ni nini? Karibu chuma chote kinachochimbwa ardhini huwa kimeshikana na oksijeni. Mhunzi anapokiyeyusha, anawatenganisha wawili hao kwa nguvu, na kutu ni wao kurudiana, maji yakiwa mshenga. Kwa hiyo chuma kinachoshika kutu kinarudi kwao tu, kule kilikotolewa.

Wakamba walilijua jambo hili kwa vitendo. Wahunzi wao, waitwao atwii, walikusanya mchanga mweusi, mzito, kwenye mito ya msimu. Ukiwa na sumaku, hata ile ya spika mbovu, ipitishe kwenye mchanga wa aina hiyo uone chembe nyeusi zinavyonasa. Ni magnetaiti, yaani chuma na oksijeni. Mhunzi aliupika mchanga huo kwa makaa huku mivukuto ikipuliza moto. Kaboni ya makaa iliinyang'anya magnetaiti oksijeni yake, na kikabaki chuma cha kufua vichwa vya mishale, mapanga na mikufu myembamba iliyowapa sifa mbali.

Mmisionari Krapf, aliyefika Kitui mwaka 1849, aliandika kwamba chuma cha Ukambani kilikuwa kizuri, na kwamba watu wa Mombasa walikipendelea kuliko kile kilicholetwa kutoka India. Fikiria hilo kidogo. Bidhaa ya bara ilishindana na bidhaa ya meli pale pale bandarini.

Halafu ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, ambazo leo ziko Makueni, na kufika Nairobi mwaka 1899. Pamoja na reli vikaja waya na vyuma vya bei nafuu. Nani angechoma makaa siku nzima kwa ajili ya donge dogo la chuma wakati dukani kuna waya tayari? Tanuri zikazimika moja baada ya nyingine. Uhunzi haukufa, ila uligeuka. Badala ya kuzalisha chuma, fundi akawa mtu wa kukifua upya, kukiunga na kukitunza. Hapo ndipo mafundi wetu wa jua kali walipo hadi leo.

Biashara hiyo hiyo ilileta mabati. Mfaransa Stanislas Sorel alikuwa amepata hataza ya kupaka chuma zinki mwaka 1837. Siri ya zinki ni kwamba inakubali kuliwa kwanza. Ukilikwaruza bati, zinki iliyo pembeni ya mkwaruzo inajitoa mhanga na chuma kinabaki salama. Kromu inayong'aa kwenye rimu na ekzosi haifanyi hivyo. Kromu, pamoja na nikeli iliyo chini yake, ni kama ukuta: ukitoboka, maji yanaingia, na kwa sababu nikeli hailiki upesi, chuma ndicho kinachoumia, tena kwa kasi zaidi pale penye tundu. Ndiyo maana rimu ya kromu huanza na vidoa vidogo kama upele, kisha siku moja ganda zima linabanduka.

Pikipiki zenyewe zilifurika mashambani baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi 250cc. Boda boda ya baiskeli, iliyoanzia mpakani Busia miaka ya 1960, ikapata injini. Kitui na Makueni ni maeneo makavu, kwa hiyo mtu angetegemea kutu iwe kidogo. Lakini pikipiki za huko hubeba maji! Mitungi inafungwa nyuma na kumwagika njia nzima, na visima vingi vya Kitui vina maji ya chumvi. Chumvi hurahisisha umeme mdogo unaosababisha kutu kupita kwenye maji, na huharibu utando mwembamba unaokilinda chuma. Ongeza vumbi linaloshika unyevu kwenye pembe za fremu, na hesabu inakamilika.

Haya, sasa tuje kwenye kuitoa. Njia ya kawaida ni brashi ya waya na msasa, na inatosha kwa kutu ya juu juu. Njia ya pili ni asidi hafifu: siki, limau au ukwaju. Asidi huyeyusha kutu polepole, hivyo kipande kinalowekwa usiku kucha, kinasuguliwa, kisha kinasuuzwa. Usiloweke mnyororo wala springi, kwa sababu haidrojeni inayotokea huweza kuingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla.

Njia ya tatu ndiyo inayonifurahisha kama mtu wa kompyuta, kwa sababu inatumia umeme na magadi. Ndiyo, magadi yale yale yanayolainisha maharagwe. Yanatoka Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Reli ya kuyasafirisha ilikatwa kutoka stesheni ya Konza, jirani na mahali ambapo serikali ilizindua ujenzi wa mji wa teknolojia mwaka 2013. Yaani magadi yalitangulia kompyuta pale Konza kwa takriban karne nzima!

Utaratibu ni huu. Chukua ndoo ya plastiki, weka maji na kijiko kikubwa cha magadi kwa kila lita 4 au 5. Tumbukiza kipande chenye kutu na kipande kingine cha chuma chakavu, visigusane. Chanya ya betri ya volti 12 iende kwenye chakavu, hasi iende kwenye kipande chako. Viputo vitaanza kutoka, na baada ya saa kadhaa kutu nyekundu itakuwa tope jeusi linalofutika kwa brashi.

Tope hilo jeusi kwa sehemu kubwa ni magnetaiti, kitu kile kile kilicho kwenye mchanga mweusi wa mtoni. Umeme umeinyang'anya kutu sehemu ya oksijeni yake, kazi ambayo makaa ya mhunzi yaliifanya zamani. Anayekaa na ndoo na betri nyuma ya nyumba kule Mwingi au Wote anaendeleza kazi ya atwii, hata kama hajui jina lao.

Tahadhari ni muhimu. Fanya kazi nje, mbali na moto, kwa maana viputo vile ni haidrojeni na inalipuka. Usitumie kamwe chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko vinavyong'aa, wala kipande cha kromu upande wa chanya, kwa sababu kinatoa sumu ndani ya maji. Usitumbukize aluminiamu, italiwa na magadi. Na usithubutu kuunganisha ndoo na umeme wa ukutani moja kwa moja.

Chuma kikitoka kiko uchi, na kitaanza kushika kutu tena ndani ya muda mfupi. Kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kianike juani, kisha paka rangi ya kwanza siku hiyo hiyo. Hapa napo pana kichekesho cha kisayansi. Ile rangi nyekundu ya kutangulia, redi oksaidi, hupata wekundu wake kutoka oksaidi ya chuma, ndugu wa damu wa kutu yenyewe! Tofauti ni kwamba hii imeshatulia, haina tena kiu ya oksijeni, nayo imeshikwa ndani ya rangi inayozuia maji. Juu yake paka rangi ya mwisho, matabaka membamba mawili au matatu badala ya moja zito. Kopo la kupuliza, alilolibuni Edward Seymour kule Illinois mwaka 1949, linasaidia sana kwenye spoku na kona. Ekzosi inahitaji rangi maalumu ya kuvumilia joto, na kipindi cha kiangazi ndicho kizuri kwa kazi hii yote.

Mwisho, jambo ambalo rangi haiwezi kulifanya. Rangi inafunika kutu bila kurudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Ukiwa umesafisha, kagua kabla ya kupaka. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize, choma kwa bisibisi kwenye maungio. Rimu yenye mashimo yanayozama, fremu yenye ufa, au mkono wa nyuma unaoshika gurudumu ukiwa umekonda, hivyo vinabadilishwa au vinapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Boda boda hubeba mama na mtoto kwenye mteremko wa changarawe, na rangi inayong'aa huwapa imani ambayo chuma chenyewe huenda hakistahili. Atwii walijaribu chuma chao kwa nyundo kabla ya kukiuza. Nasi tufanye hivyo kabla ya kufungua kopo.