Ordinatere gani inakimbia zaidi? Namna ya kupima kwa haki prosesa za aina mbili

Mtu wa Simi-Simi, pale upande wa uwanja wa ndege wa zamani, akitaka kufungua kibanda cha kupiga mashini na fotokopi, anaweza kusimama mbele ya chaguo hili: ordinatere ya meza ya okazio yenye prosesa ya Intel, ao kamashini kadogo kama Raspberry Pi 4, yenye prosesa ya ARM, familia ileile iliyo ndani ya telefone zetu. Muuzaji atamwonyesha gigahazi. Hiyo namba haisaidii sana. Inahesabu mapigo ya prosesa kwa sekunde, haisemi kila pigo linafanya kazi gani. Ni kama kuhesabu mara ngapi piroge inapigwa kasia bila kuangalia imesogea umbali gani.

Kipimo cha haki kinaanza na kazi yenyewe. Chukua kazi ya kila siku, kwa mfano kugeuza faili ya kurasa 200 kuwa PDF, na upime kwa saa tangu mwanzo mpaka mwisho. Mashini zote mbili ziwe na mfumo endeshi uleule, toleo lileile. Debian inafaa, sababu inatolewa kwa Intel na kwa ARM pia. Programu nayo iwe imetengenezwa kwa prosesa husika. Ikiwa programu ya Intel inapita kwa mkalimani ili ifanye kazi juu ya ARM, basi unapima mkalimani.

Kosa moja lilidumu miaka mingi. Raspberry Pi 3 ilitoka 2016 na prosesa ya biti 64, lakini mfumo rasmi wa biti 64 ulitangazwa tu Februari 2022. Waliopima na ule wa biti 32 waliikimbiza mashini ikiwa imefungwa mguu mmoja.

Diski pia: kadi ndogo ya SD haishindani na SSD. Weka zote mbili kwa SSD, la sivyo umepima kadi. Na kazi moja haitoshi. Pi 4 haina amri za pekee za kusimba siri kwa AES, Intel nyingi zinazo. Ukipima diski iliyosimbwa tu, Pi itaanguka vibaya, na hiyo haisemi kitu juu ya kuandika barua.

Halafu joto la Kisangani. Pi 4 ikikaribia digrii 80 inapunguza mwendo yenyewe. Jaribio la dakika moja asubuhi linadanganya. Ziache zifanye kazi nusu saa, saa nane mchana, chumba kimoja, rudia mara tano, na uchukue tokeo la katikati, siyo lile zuri kuliko yote.

Umeme wa SNEL ukikatika na kibanda kikibaki kwa pano ya jua, swali linageuka: kurasa ngapi kwa kila wati-saa? Chaja ya Pi 4 ni ya wati 15, ordinatere ya meza ya zamani inakula mara kadhaa ya hiyo. Iliyoshindwa kwa saa inaweza kushinda kwa betri. Imprimante ya laser, ikiwa inachapa, inazipita zote mbili kwa kula umeme, kwa hiyo ihesabiwe kando.