Njia mbili zilimshinda fisi: Uingereza, na sisi

Hivi Mtanzania wa Songea ni mtu wa Afrika Mashariki au ni mtu wa Kusini mwa Afrika? Swali hili niliwahi kuwatupia wenzangu chumba cha habari, wakacheka. Afrika Mashariki bwana, unauliza nini? Sawa, lakini waliojibu hivyo kwao ni Moshi, Mwanza na Dar. Mimi nimekulia Ruhuwiko, hapa Songea, mahali ambapo wengi wanapafahamu kwa sababu ya kambi ya jeshi na sekondari yake. Kutoka hapa, mpaka wa Msumbiji ni saa chache kwa gari. Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni safari ya siku nzima na bado unaweza kulala njiani.

Leo naomba tuzungumze historia ya Uingereza. Msishangae, nyumbani tutarudi. Naanzia huko kwa sababu sioni taifa lililohangaika kwa muda mrefu kama lile na tatizo la kuwa na marafiki wawili wasiofanana. Na tatizo hilo, wadau, ni letu pia.

Mwaka 1948 Winston Churchill, wakati huo akiwa kiongozi wa upinzani, alikiambia chama chake cha Conservative kwamba Uingereza imesimama pale yanapokutana maduara matatu. La kwanza ni himaya yake na Jumuiya ya Madola. La pili ni nchi zinazozungumza Kiingereza, Marekani ikiwa kubwa kuliko zote. La tatu ni Ulaya iliyoungana. Picha nzuri sana, hasa kwa aliyeichora. Lile duara la kwanza ndilo tuliloingizwa sisi, na sisi hatukukaa humo muda mrefu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 sehemu kubwa ya Afrika iliyotawaliwa na Waingereza ilikuwa imejitawala. Uingereza ikabaki na maduara mawili, na mawili hayo hayakuvuta upande mmoja.

Somo la kwanza lilikuja mwaka 1956. Nasser wa Misri aliutaifisha mfereji wa Suez, Uingereza na Ufaransa zikashirikiana na Israeli kumvamia. Marekani ya Eisenhower haikuunga mkono. Pauni ilipoanza kuyumba, Washington ilikataa kuiokoa mpaka majeshi yasitishe mapigano na kuondoka. Yakaondoka. Aibu ilikuwa ile ile kwa London na Paris, lakini kila mmoja aliondoka na fundisho lake. London ilisema: tusije tena tukaenda vitani bila Marekani. Paris ilisema: tusije tena tukaitegemea Marekani, tujenge Ulaya yetu. Mwaka uliofuata, 1957, nchi sita zikasaini Mkataba wa Roma na kuanzisha soko la pamoja. Uingereza haikuwemo.

Ilipoona soko linanoga, ikaomba kuingia mwaka 1961. Desemba 1962 Waziri Mkuu Macmillan akakutana na Rais Kennedy huko Nassau, visiwa vya Bahamas, akarudi na ahadi ya makombora ya Polaris. Wiki chache baadaye, tarehe 14 Januari 1963, De Gaulle wa Ufaransa akaitisha waandishi na kusema hapana. Hoja zake zilikuwa nyingi, lakini iliyouma zaidi ni kwamba Uingereza ikiingia, Ulaya itamezwa na Marekani kupitia mlango huo. Mwaka 1967 ikaomba tena, akakataa tena. Ilibidi De Gaulle aondoke madarakani ndipo Edward Heath aiingize nchi yake, tarehe 1 Januari 1973.

Ukiitazama historia hii kwa makini utaona kitu kimoja. Urafiki wa Uingereza na Marekani ulipikwa vitani, miaka ya Hitler, kwa silaha, siri na damu. Urafiki wake na Ulaya ulitafutwa sokoni, kwenye hesabu za ushuru, bei ya siagi na wateja wa viwanda. Rafiki wa vita unampenda hata anapokuudhi. Rafiki wa soko unamhesabia kila siku: nimepata ngapi, nimetoa ngapi?

Sasa turudi nyumbani.

Sisi pia tuna rafiki wa soko na rafiki wa vita. Rafiki wa soko ni Kenya na Uganda. Reli, posta, bandari na ndege tulivirithi pamoja kutoka kwa mkoloni, na mwaka 1967 tukavifungia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka kumi baadaye ikavunjika. Sababu zilikuwa nyingi: Idi Amin, tofauti za siasa kati ya Dar na Nairobi, na malalamiko kwamba mmoja anafaidi kuliko wengine. Hayo ndiyo magomvi ya sokoni. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 na haukufunguliwa hadi 1983.

Rafiki wa vita yuko kusini, na sisi wa Ruvuma hatukumsoma vitabuni. FRELIMO ilipoanza vita dhidi ya Mreno Septemba 1964, wakimbizi walivuka mto na kuja huku. Walipokelewa Muhukuru, kusini mwa Songea, na Lundo, upande wa Ziwa Nyasa. Babu yangu alikuwa akituambia kwamba miaka ile neno "mpaka" halikuwa mstari kwenye ramani, lilikuwa mahali pa kupokelea watu. Na kumbukeni, Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO tangu 1949. Ilikaa meza moja na Uingereza na Marekani. Muungano ule ambao London iliuona kuwa ngao, kwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma ulikuwa upande wa mtu anayemfukuza kwake.

Mwalimu hakuwa na shaka na rafiki huyu wa vita. Desemba 1965, baada ya Ian Smith kutangaza uhuru wa walowezi Rhodesia na Uingereza kushindwa kumwondoa, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Gharama yake ilijulikana: mkopo wa pauni milioni 7.5 ulizuiliwa. Tukaulipa msimamo ule kwa umaskini wetu. Baadaye nchi za Mstari wa Mbele zikazaa SADCC, Lusaka, Aprili 1980, na hiyo ikageuka SADC mwaka 1992.

Kisha Mkapa, Moi na Museveni wakaifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mkataba wa Arusha wa tarehe 30 Novemba 1999. Mwaka 2000 Tanzania ikajitoa COMESA, ikabaki SADC, na ikawa ndani ya Jumuiya mpya. Kenya na Uganda zikabaki COMESA. Mguu mmoja Arusha, mguu mwingine Gaborone. Fisi yuko njia panda, harufu ya nyama inatoka pande zote mbili.

Uingereza ilibanwa vibaya na njia panda yake mwaka 2003. Tony Blair alipenda kuieleza nchi yake kama daraja kati ya Marekani na Ulaya. Vita ya Iraq ilipokuja, Bush akataka kwenda, Chirac wa Ufaransa na Schröder wa Ujerumani wakakataa. Daraja likatakiwa kuchagua ukingo. Blair akachagua rafiki wa vita, na Ulaya ikapasuka mbele ya macho ya dunia.

Sisi zamu yetu ilikuwa 2013. Machi mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo. Wanajeshi walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, zote za SADC, na kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Adui wa kwanza alikuwa M23, kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema linasaidiwa na Rwanda, nayo Rwanda ikakanusha. Mei, Rais Kikwete akashauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, Kigali ikakasirika. Kuanzia Juni, marais wa Kenya, Uganda na Rwanda wakawa wanakutana wao watatu, Entebbe, Mombasa, Kigali, wakipanga reli na viza ya pamoja bila sisi. Novemba Kikwete akalihutubia Bunge, akasema Tanzania haina mpango wa kutoka kwenye Jumuiya. M23 ilishindwa mwezi huo huo. Rafiki wa vita alikuwa ametugharimu kwa rafiki wa soko, kama Blair vile vile.

Hapo watu wengi husema: basi tuchague moja. Uingereza ilichagua. Tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 ya wapiga kura walitaka kutoka Umoja wa Ulaya, na Januari 31, 2020 nchi ikatoka. Mtikisiko ulifika mpaka huku. Julai 2016 Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa biashara kati ya Jumuiya yetu na Umoja wa Ulaya, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba Uingereza, soko tunalolijua, inaondoka. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba. Kenya ikaishia kusaini peke yake na Uingereza mwaka 2020, na peke yake na Ulaya mwaka 2023.

Na Uingereza yenyewe ilipona kwa kuchagua? Mei 2025, ndani ya wiki mbili, ilitangaza makubaliano ya biashara na Marekani ya Trump, kisha ikakaa na viongozi wa Umoja wa Ulaya jijini London kutengeneza upya yaliyobomoka. Fisi karudi njia panda ile ile, safari hii akiwa amechoka zaidi.

Mimi nadhani methali yetu tunaisoma vibaya. Fisi hakupasuka kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alipasuka kwa sababu hakujua ni nyama ipi anaitaka na kwa nini. Serikali za Uingereza, za vyama vyote, ziliwauzia wananchi Ulaya kama duka: bei nafuu, ajira, wateja. Kura ya 1975, ambapo asilimia 67 walikubali kubaki, iliendeshwa zaidi kwa hoja hizo. Lakini Mkataba wa Roma tangu mstari wake wa kwanza ulizungumzia muungano wa karibu zaidi wa watu wa Ulaya. Mtu uliyemwambia ni duka, siku bei ikimchosha anatoka. Huwezi kumlaumu.

Sisi tulifanya vizuri mara moja. Mwaka 2006 na 2007 Watanzania waliulizwa kama waharakishe shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki. Wengi walisema hapana, taratibu. Serikali ikasikia, na nadhani ilikuwa sahihi. Lakini ni nani amewahi kuja Songea kueleza SADC ni ya nini? Nani alieleza kwa nini vijana wetu wanakwenda Kongo? Desemba 2017 walinda amani 15 wa Tanzania waliuawa katika shambulio moja huko Kivu Kaskazini. Mtaa wenye kambi ya jeshi hauhitaji kuelezwa habari kama ile inavyopokelewa. Unahitaji kuelezwa sababu.

Na sokoni nako si shwari. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa madai ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Aprili 2025 sisi tukazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa sababu wao walizuia ya kwetu, nayo ikamalizwa kwa mazungumzo. Mmoja ni rafiki wa soko, wengine ni ndugu wa ukombozi. Mkulima wa Ruvuma, mwenye mahindi ghalani, haoni tofauti.

Msimamo wangu ni huu. Tubaki kote kuwili, lakini tuseme wazi kila mahali tunatafuta nini. Kusini tunatafuta usalama kwanza: Oktoba 2020 magaidi waliotoka Cabo Delgado walivuka Ruvuma na kuua watu Kitaya, mkoani Mtwara, na hilo halitatuliwi Arusha. Kaskazini tunatafuta wateja, na tuhesabu bila aibu. Kongo, ambayo tangu 2022 iko kwenye jumuiya zote mbili, imetuchanganyia hesabu, ndiyo. Lakini tarehe 8 Februari 2025, siku chache baada ya M23 kuiteka Goma, marais wa EAC na SADC walikaa chumba kimoja Dar es Salaam. Mkutano ule haukumaliza vita. Ila ni nchi yenye mguu kote kuwili ndiyo iliyoweza kuwakaribisha, na Blair mwaka 2003 hakuweza kuwapatanisha wake.

Wenye hoja tofauti karibuni, hasa watu wa Arusha. Nasi wa kusini tuanze kumuuliza kila mbunge atakayekuja kuomba kura: huko SADC, unatutafutia nini?